Darubini ya Kompyuta Inapokosa Nyota: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo cha Hitilafu

Darubini inayoongozwa na kompyuta haioni nyota hata moja. Kompyuta iliyomo ndani ya rimoti yake hupokea namba chache kutoka kwa mtumiaji, yaani mahali alipo, tarehe na saa, ikaongeza nyota mbili au tatu alizoionyesha, kisha ikapiga hesabu ya pembe ambazo mota zake mbili zinapaswa kugeuka ili bomba lielekee Zohali au Kilimia. Ndiyo maana darubini iliyolishwa namba moja isiyo sahihi hugeuka kwa utulivu uleule wa darubini nzima, ikasimama na kutangaza kwamba imefika, huku ikitazama paa la jirani.

Mwongozo huu unafuata njia ya hesabu hiyo tangu mwanzo: kwanza umeme, kisha namba za mahali na wakati, kisha nyota za kulinganishia, na mwisho gia na mota zenyewe. Mpangilio huo unatokana na gharama. Kosa la saa husahihishwa bure kwa dakika moja, ilhali bodi ya mota huagizwa ng'ambo, hulipiwa ushuru na husubiriwa kwa majuma. Mifano mingi nimeitoa katika darubini zenye kitako kinachogeuka kushoto na kulia, juu na chini, kama NexStar SE za Celestron na zile za Sky-Watcher zenye rimoti ya SynScan, lakini kanuni zake zinafaa hata kwa darubini za Meade zenye rimoti ya Autostar.

Kabla ya kugusa kitu

Andika dalili jinsi ilivyo kabla ya kuanza kurekebisha. Sentensi kama "darubini imeharibika" haimsaidii mtu yeyote. Inayosaidia ni ile inayosema kwamba rimoti inawaka, mota zinageuka, nyota ya kwanza inapatikana, lakini ya pili inakosekana kwa upana wa ngumi mbili upande wa kushoto. Kipimo cha ngumi kinatosha kabisa kwa kazi hii: ukinyoosha mkono mbele, ngumi yako hufunika takriban digrii 10 za anga, vidole vitatu vya katikati digrii 5, na kidole kidogo digrii 1. Mwezi mpevu una upana wa nusu digrii tu.

Kanuni ya pili ni kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha betri, akarekebisha saa na kukaza skrubu kwa mkupuo mmoja, hata darubini ikipona hatajua ilikuwa inaumwa nini, na hitilafu ikirudi ataanza upya.

Majaribio mengi yaliyoelezwa hapa yanaweza kufanyika mchana, jambo ambalo ni afadhali kuliko kuhangaika gizani na tochi mdomoni. Hata hivyo, mchana usiiruhusu darubini ielekee jua. Funika mdomo wa bomba kwa kifuniko chake wakati wa kujaribu mota, kwa sababu jua likipita ndani ya lenzi kwa nukta moja tu linaweza kumpofusha mtu au kuyeyusha sehemu za plastiki.

Hatua ya kwanza: umeme

Darubini hizi hutumia umeme wa volti 12 wa moja kwa moja, na plagi yake huwa na chanya katikati. Rimoti za SynScan, kwa mfano, zimetengenezwa kufanya kazi kati ya volti 11 na 15. Dalili za umeme hafifu ni za ajabu, na ndizo huwafanya watu waamini kwamba kompyuta imeungua: rimoti huzima na kuwaka yenyewe pale darubini inapoanza kugeuka kwa kasi, maandishi hugeuka kuwa alama zisizosomeka, mhimili mmoja huenda na mwingine hukwama, au darubini huanza kazi vizuri kisha hupotea baada ya nusu saa. Sababu ni kwamba mota zinapokimbia huvuta umeme mwingi kuliko zinapofuatilia nyota polepole. Betri iliyochoka huweza kuwasha rimoti bila shida, kisha volti zikaporomoka pale kazi nzito inapoanza.

Kwa hiyo pima volti kwa mita ya fundi umeme wakati mota zote mbili zinageuka kwa kasi ya juu, si wakati darubini imetulia. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa huonyesha takriban volti 12.7 ikiwa imepumzika. Kama wakati wa mzigo inashuka chini ya 11, umepata chanzo, na hakuna haja ya kuendelea kufungua kitu kingine chochote.

Betri ndogo za AA zinastahili onyo la pekee. Kisanduku cha betri nane za kawaida hutoa volti 12 kwa sababu kila moja ina 1.5. Betri za kuchajiwa za aina ya nikeli zina 1.2 tu, hivyo nane kati yake hutoa 9.6, na darubini itayumba hata kama zimetoka kwenye chaja muda huohuo. Hata betri za kawaida huisha haraka. Mimi nisingeitumia darubini ya kompyuta kwa betri za AA isipokuwa kwa dharura. Betri iliyofungwa ya volti 12 na ampea-saa 7, ya aina inayowekwa kwenye ving'ora vya wezi na kwenye UPS, inapatikana katika maduka mengi ya vifaa vya umeme na huiendesha darubini ya kawaida usiku mzima.

Kama unatumia adapta ya ukutani, soma maandishi yaliyo mgongoni mwake kabla ya kuichomeka. Darubini nyingi hufika Afrika Mashariki mikononi mwa ndugu wanaotoka Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120. Adapta iliyoandikwa 100–240 haina tatizo, lakini iliyoandikwa 120 peke yake itaungua ikichomekwa kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240. Mahali penye mgao wa umeme ningeshauri utumie betri hata kama adapta ni nzima, kwa maana umeme unapokatika na kurudi darubini hupoteza kumbukumbu ya nyota ulizoionyesha, na kazi yote ya kulinganisha hurudi mwanzo.

Mwisho wa hatua hii ni viunganishi. Tikisa plagi taratibu huku darubini ikiwa imewashwa. Rimoti ikizima, tundu limelegea au plagi si ya kipimo chake. Plagi za soketi ya sigara ya gari zina sifa mbaya katika jambo hili. Katika miji ya pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hewa ya chumvi huacha ukoko wa kijani kwenye shaba, nao huzuia umeme ingawa kebo inaonekana nzima. Usafishe kwa spiriti na pamba, au kwa dawa ya kupuliza ya viunganishi vya umeme, uache ukauke kabisa. Msasa usitumie, kwa sababu huondoa tabaka la juu linaloikinga shaba.

Hatua ya pili: mahali, tarehe na saa

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko mahali pengine popote, na makosa hayo yana sura ya kwetu. Rimoti haijui saa ya Kiswahili. Ukiiambia kwamba ni saa 2 ilhali ni saa mbili usiku, itachukua kuwa ni saa nane ya usiku wa manane, au saa nane mchana ukichagua PM. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa moja, kwa hiyo kosa la saa sita huhamisha anga lote kwa digrii 90. Andika saa kwa mfumo wa saa 24: saa mbili usiku ni 20:00, saa tatu na nusu ni 21:30.

Baada ya saa huja ukanda wa saa. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa 3 mbele ya saa ya dunia. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, yaani Goma, Bukavu na Lubumbashi, ziko saa 2 mbele. Oman iko saa 4 mbele. Alama iwe ya kujumlisha. Rimoti itakuuliza pia kama saa za majira ya joto zinatumika, na katika nchi zote hizo jibu ni hapana. Anayeishi Ulaya au Amerika ya Kaskazini ndiye anayepaswa kubadilisha jibu hilo mara mbili kwa mwaka, na akisahau, darubini yake itakosa kwa digrii 15 kamili.

Tarehe huandikwa kwa mtindo wa Kimarekani katika rimoti nyingi: mwezi kwanza, kisha siku, kisha mwaka. Siku ikizidi 12 rimoti itaikataa na utagundua kosa, lakini tarehe 4 Julai ikiandikwa 04/07 itakubaliwa kimyakimya kuwa 7 Aprili. Tofauti hiyo ya siku 88 huihamisha nyota kwa karibu digrii 87, na sayari huenda kusikotabirika.

Mahali nako kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kusahau kwamba tuko kusini mwa ikweta. Dar es Salaam iko digrii 6 na dakika 48 kusini, digrii 39 na dakika 17 mashariki. Nairobi iko digrii 1 na dakika 17 kusini, digrii 36 na dakika 49 mashariki. Kampala, kwa upande wake, iko kaskazini kwa dakika 19 tu. Herufi S na E lazima zionekane kwenye skrini, au N na E kwa kadiri ya mji wako. Mtego wa pili hutoka kwenye simu, ambayo huonyesha mahali kwa desimali. Ramani ikisema -6.80, hiyo si digrii 6 na dakika 80. Chukua desimali uzidishe kwa 60: 0.80 mara 60 ni dakika 48. Habari njema ni kwamba hapahitajiki usahihi wa nyumba kwa nyumba. Viwianishi vya mji vinatosha.

Upo mtihani mmoja unaopima namba zote hizi kwa pamoja, nao hauhitaji hata mota. Chagua kwenye rimoti kitu unachokiona kwa macho, ambacho huwezi kukikosea, kama mwezi au Zuhura. Rimoti ikikuonya kwamba kiko chini ya upeo wa macho wakati wewe unakitazama juu ya mwembe, basi namba mojawapo kati ya saa, tarehe, ukanda au mahali ni mbaya, na hakuna sababu ya kushuku kitu kingine mpaka hilo lirekebishwe.

Wenye darubini za zamani zinazosoma mahali na wakati kutoka kwenye setilaiti za GPS wajue jambo moja zaidi. Mfumo wa GPS huhesabu majuma hadi 1024 kisha huanza upya, na mara ya mwisho ulianza upya usiku wa kuamkia 7 Aprili 2019. Vipokezi vya zamani ambavyo programu yake haikusasishwa vinaweza kuonyesha tarehe ya karibu miaka 20 nyuma. Katika hali hiyo zima GPS kwenye menyu na uandike tarehe kwa mkono.

Hatua ya tatu: kilengeo na nyota za kulinganishia

Mchana, elekeza darubini kwenye kitu kilicho mbali, kama ncha ya mnara wa simu, ukiweke katikati ya lenzi ya jicho, kisha rekebisha skrubu za kilengeo, yaani kile kifaa kidogo cha kulengea kilichofungwa kwenye bomba, mpaka nukta nyekundu ikae juu ya kitu hichohicho. Kilengeo kisicholingana na bomba huharibu kila kitu kinachofuata, kwa sababu utadhani umeionyesha darubini nyota moja kumbe umeionyesha jirani yake.

Sawazisha stendi kwa pimamaji. Usawa huu si wa lazima kama vitabu vinavyodai, maana kompyuta ikishaonyeshwa nyota mbili inaweza kuhesabu ulalo wa kitako, lakini humsaidia mtumiaji kwa kuifanya darubini iikaribie nyota ya pili yenyewe. Jambo lenye uzito zaidi ni udongo: stendi iliyowekwa kwenye mchanga laini huzama taratibu, na ulinganisho wa saa moja unusu hauwi tena na thamani saa tatu. Weka vipande vya mbao chini ya miguu.

Sasa chagua nyota. Ziwe mbali moja na nyingine, takriban kati ya digrii 60 na 120, zisiwe chini sana karibu na upeo wa macho, na isiwepo hata moja iliyo karibu na utosi wa anga. Jioni za Januari na Februari, Canopus upande wa kusini na Capella upande wa kaskazini ni jozi nzuri kwa Afrika Mashariki, kwa kuwa zimeachana kwa takriban digrii 100 na zote hupanda juu ya kutosha. Jioni za Juni na Julai, Arcturus na Rigil Kentaurus hufanya kazi hiyo vizuri.

Kosa la kuonyesha nyota isiyo yenyewe hutokea hata kwa wazoefu. Rigil Kentaurus na Hadar, zile nyota mbili angavu zinazouelekeza Msalaba wa Kusini, zimeachana kwa digrii 4 na kitu tu. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba, na inayong'aa zaidi, ndiyo Rigil Kentaurus. Castor na Pollux nazo zina umbali wa namna hiyohiyo. Rimoti ikikubali ulinganisho kwa jozi iliyokosewa, darubini itakosa kila kitu kwa digrii nne au tano, na hutaona kosa lolote kwenye namba ulizoandika. Kwa anayeanza, ni salama zaidi kutumia njia inayoruhusu kuonyesha vitu vitatu angavu bila kuvitaja majina, ambayo Celestron huiita SkyAlign, mradi vitu hivyo visipangane kwenye mstari mmoja.

Wakati wa kuiweka nyota katikati, tumia lenzi ya jicho yenye ukuzaji mkubwa, na uimalizie kwa vitufe viwili tu. Katika darubini za NexStar vitufe hivyo ni cha juu na cha kulia, kwa sababu ndizo pande ambazo kompyuta yenyewe huzitumia inapokaribia shabaha, ikiwa mpangilio wa kiwandani haujabadilishwa. Nyota ikipita katikati, irudishe nyuma mbali kidogo kisha uifikie upya kwa vitufe hivyohivyo. Meno ya gia yana mwanya ambao mafundi huuita plei, na kumalizia kwa upande mmoja daima huufuta mwanya huo kwenye hesabu.

Hatua ya nne: kusoma namna darubini inavyokosa

Namba zikiwa sahihi na nyota zikiwa zenyewe, lakini darubini ikaendelea kukosa, basi kosa lenyewe lina habari ya kukupa. Iongoze kwenye vitu vitano au sita vilivyotawanyika angani, uandike kila kimoja kimekosewa upande gani na kwa kiasi gani.

Ikikosa kwa kiasi kilekile, upande uleule, popote inapoelekea, chanzo ni kilengeo kilichosogea au kitako kilichogongwa baada ya kulinganisha. Watoto, mbwa na kebo inayovutwa na miguu ndio washukiwa wa kawaida.

Ikipata vizuri vitu vilivyo karibu na nyota za kulinganishia na kukosa vya upande mwingine wa anga, jozi yako ilikuwa karibu mno, au mojawapo ilikuwa karibu na utosi. Linganisha upya kwa jozi nyingine kabla ya kufanya lolote.

Ikipata nyota zote lakini ikakosa mwezi na sayari peke yake, rudi kwenye tarehe na saa. Hili huwashangaza wengi. Baada ya kuonyeshwa nyota mbili, kompyuta hupata mkao wa anga la nyota hata kama saa ilikosewa, kwa kuwa nyota hazihami zenyewe kwa zenyewe. Lakini mwezi husogea kati ya nyota kwa takriban nusu digrii kila saa, yaani upana wake wenyewe, na sayari husogea siku hadi siku. Kwa hiyo darubini inayopata Sirius na Canopus na kukosa mwezi haina ugonjwa wa mota.

Ikikosa upande huu inapokuja kutoka mashariki, na upande wa pili inapokuja kutoka magharibi, hiyo ni plei ya gia. Menyu ya rimoti ina mpangilio wa kuifidia kwa kila mhimili. Katika NexStar thamani yake huanzia 0 hadi 99, na kwa kawaida hukaa kati ya 20 na 50. Tazama kitu cha mbali mchana, bonyeza kitufe cha kulia kwa mwendo wa polepole kisha cha kushoto, uongeze thamani mpaka picha ianze kusogea mara tu unapobonyeza. Ikiruka ghafla, umezidisha. Kama umefunga kamera nzito nyuma ya bomba, badilisha pia upande ambao darubini hutumia kukaribia shabaha kwa juu na chini, ili mota daima iwe inaunyanyua uzito badala ya kuuacha uiangukie gia.

Na ikianza vizuri, kisha kosa likakua kila inapozunguka mbali, kitu kinateleza. Kaza klachi, hakikisha skrubu zinazolishika bomba hazijalegea, na utazame kama kebo ya umeme imejizungusha kwenye kitako na inaivuta darubini nyuma.

Hatua ya tano: inafika lakini haibaki

Darubini ikipata shabaha kisha picha ikatoka kwenye lenzi ndani ya dakika chache, tazama menyu ya ufuatiliaji. Kwa kitako cha juu-chini na kushoto-kulia chaguo liwe "Alt-Az". Kwa kitako cha ikweta, yaani kile ambacho mhimili wake mmoja huelekezwa kwenye ncha ya anga, kikiwa kusini liwe "EQ South". Aliyeacha "EQ North" akiwa Dodoma ataona nyota zikikimbia mara mbili ya mwendo wao wa kawaida, kwa sababu mota inazunguka kinyume cha anga.

Wenye vitako vya ikweta karibu na ikweta wana shida ambayo vitabu vya Ulaya havina haja ya kuitaja. Mhimili wa kitako unapaswa kuinuliwa kwa pembe iliyo sawa na latitudo ya mahali, lakini vitako vingi haviwezi kushuka chini ya digrii 10 au 15, na hata vikishuka, fimbo ya mizani hugonga mguu wa stendi. Nyota ya kaskazini haionekani Tanzania, na ncha ya kusini iko digrii chache tu juu ya ukungu wa upeo wa macho. Kwa anayetaka kutazama tu bila kupiga picha ndefu, kitako cha juu-chini na kushoto-kulia humwondolea mahangaiko yote hayo.

Kitako hicho nacho kina udhaifu wake, nao upo utosini. Kitu kinapopita juu kabisa ya kichwa, darubini hulazimika kujizungusha karibu nusu duara kwa muda mfupi ili iendelee kukifuata, na mara nyingi hupoteza. Nyota za mshipi wa Jabari, kundi la nyota liitwalo pia Orion, hupita utosini mwa Nairobi, na wingu maarufu la gesi lililo chini ya mshipi huo hupita takriban digrii moja na nusu kutoka utosi wa Dar es Salaam. Litazame saa moja kabla au baada ya kufika juu, na usiilaumu mota. Rimoti ikionya kuhusu mipaka ya mwinuko katika eneo hilo, inafanya hivyo ili kamera iliyo nyuma ya bomba isigonge kitako. Mipaka hiyo huwekwa kwenye menyu.

Hatua ya sita: ujumbe wa hitilafu, mota na bodi

Katika darubini za Celestron, ujumbe "No Response 16" humaanisha kwamba rimoti haipati jibu kutoka kwa mota ya kushoto na kulia, na "No Response 17" kutoka kwa mota ya juu na chini. Autostar ya Meade huandika "Motor Unit Fault". Jumbe zote hizo husema kwamba mawasiliano yamekatika. Hazisemi kwamba mota imekufa. Zima umeme, chomoa kebo ya rimoti, kagua vijipini vyake kama kuna kilichopinda au kilichoshika kutu, uichomeke mpaka ibofye. Hakikisha imeingia kwenye tundu lake, kwani tundu la rimoti na lile la kifuatilia nyota cha kamera hufanana kwa sura na huwa jirani, na kuzichanganya huku umeme umewashwa kunaweza kuharibu bodi. Kwa Autostar, endesha pia kipengele cha kupima upya mota kilicho kwenye menyu, hasa baada ya kubadilisha betri.

Mhimili mmoja ukikataa na mwingine ukaenda, na ikiwa mota zote mbili zina kebo na plagi zinazofanana, badilishana kebo hizo huku umeme umezimwa, kisha jaribu tena kwa kitufe cha mshale. Hitilafu ikihamia kwenye vitufe vya mhimili wa pili, mota au kebo yake ndiyo mbovu. Ikibaki palepale kwenye vitufe vilevile, shuku bodi. Mhimili unaokimbia wenyewe kwa kasi bila kusimama kwa kawaida una shida ya enkoda, kile kifaa kinachohesabu mizunguko ya mota: uchafu umeziba kisoma-mwanga chake, au gurudumu lake limelegea kwenye fimbo. Mlio wa mota unaosikika bila bomba kusogea humaanisha skrubu ndogo inayoishika gia imelegea, na hiyo hukazwa kwa spana ndogo ya L bila kubadilisha kitu.

Kurudisha mipangilio ya kiwandani ni jambo la kujaribu kabla ya kufungua kitako. Andika kwanza thamani za plei na mipaka ulizoweka, kwa kuwa zitafutika.

Kuunganisha simu na kompyuta

Simu iliyounganishwa na Wi-Fi ya darubini hugundua kwamba mtandao huo hauna intaneti, ikauacha na kurudi kwenye bando. Zima data ya simu kabla ya kuanza. Programu ikiuliza anwani, SynScan hutumia 192.168.4.1 na lango 11880, ilhali SkyPortal ya Celestron hutumia 1.2.3.4 na lango 2000. Kwa kompyuta, kebo ya mawasiliano huchomekwa chini ya rimoti, si kwenye kitako. Kasi iwe 9600, na namba ya lango la COM kwenye programu ifanane na ile ambayo kompyuta imelipatia kebo. Kusasisha programu ya ndani ya rimoti kufanyike kwa betri iliyojaa pekee, na kusikatizwe katikati.

Ukiamua kumpelekea fundi

Fundi mzuri wa redio au kompyuta anaweza kubadilisha tundu la umeme lililolegea, kuunganisha waya uliokatika na kupima njia za bodi, hata kama hajawahi kuiona darubini. Mpelekee kitako na rimoti, ubaki na bomba nyumbani, kwa maana vioo havihusiki na hitilafu hii na vumbi la karakana halivifai. Mpe karatasi ya dalili uliyoandika mwanzoni pamoja na vipimo vya volti, mwombe apige picha kila kiunganishi kabla ya kukichomoa, na umweleze kwamba grisi iliyo kwenye gia isibadilishwe kwa ile nzito ya magari, ambayo huzifanya mota ndogo zivute umeme kupita kiasi. Bodi ikithibitika kuwa imeungua, agiza kwa namba iliyochapishwa juu yake, kwa kuwa darubini mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na bodi tofauti.